Je, Njombe Tumelaaniwa? Nabii Amosi na Gunia la Lumbesa



Vijana wenzangu, swali la leo sikulitunga mimi. Linazunguka huku kwetu Kifanya siku nyingi, mara nje ya kanisa baada ya Misa, mara kwenye jumuiya, na sana sana msibani, watu wakiwa wameuzunguka moto na baridi yetu hii mnaijua. Mtu anatikisa kichwa halafu anauliza: hivi sisi watu wa Njombe tulimkosea nini Mungu? Anayeuliza huwa na orodha yake tayari. UKIMWI. Yale mauaji ya watoto ya mwaka 2019. Nyumba ambazo wamebaki bibi na wajukuu tu. Na siku hizi wameongezeka wahubiri wa kwenye simu. Ukifungua tu, anakutangazia kwamba mkoa fulani una laana, ukoo fulani una kifungo, na cha kufanya ni kutuma sadaka kwenye namba inayopita pale chini.

Silikwepi swali hilo, na sitalijibu kwa kusema "Mungu ni upendo" halafu tukaimba pambio tukaenda nyumbani. Manabii wa Israeli walisema waziwazi kwamba Mungu anahukumu. Kuna watu wanadhani Mungu wa Agano la Kale alikuwa mkali, akaja akapoa wakati wa Yesu. Hao hawajamsoma Hosea, ambaye Mungu wake analia kama mume aliyeachwa, na wala hawajamsikiliza vizuri Yesu, aliyeongea habari za Gehena bila kupepesa macho. Kwamba Mungu anahukumu, tukubaliane hapo. Mimi ninachotaka tuulizane ni hiki: anamhukumu nani, kwa kosa gani, na kwa sheria ipi?

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi tunapopotea.

Wengi wetu tunamfikiria nabii kama mtu wa kutabiri: anafumba macho, anaona mafuriko, anatangaza. Kumbe nabii alikuwa karibu zaidi na mwendesha mashtaka. Kati ya Mungu na Israeli kulikuwa na agano, na agano lilikuwa na masharti yaliyojulikana. Soma Walawi 26 na Kumbukumbu la Torati 28. Kwanza baraka, halafu laana, moja baada ya nyingine: njaa, ukame, maradhi, kushindwa vita, mwisho kuhamishwa kutoka kwenye nchi. Mataifa ya wakati ule yaliijua lugha hiyo. Mwaka 1955 wachimbaji wa mambo ya kale walipata huko Nimrud, nchini Iraki, vipande vya vibao vya udongo vyenye kiapo ambacho Esar-hadoni, mfalme wa Ashuru, aliwaapisha watawala wadogo mwaka 672 kabla ya Kristo. Ndani yake kuna laana ndefu kwa atakayevunja kiapo, na mojawapo inatishia kwamba ardhi itakuwa chuma na mbingu itakuwa shaba, mvua isipite. Picha hiyohiyo ya chuma na shaba unaikuta kwenye Kumbukumbu la Torati 28:23.

Kwa hiyo Amosi au Hosea aliposema mvua itakatika, watu waliomsikia hawakufikiri kwamba Mungu ameamka vibaya leo. Walielewa kwamba mtu huyu anawasomea mkataba wao wenyewe. Kwetu ungeweza kulinganisha na makubaliano ya shamba yanayoandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wakaweka dole gumba. Ukikiuka, halitolewi karatasi jipya. Linatolewa lilelile. Nabii Mika, sura ya 6, anaifungua kesi namna hiyo, na mashahidi anaowaita ni milima na misingi ya dunia, kwa sababu milima ilikuwepo siku ya kiapo na haifi. Mungu angefungua kesi huku kwetu, safu ya Kipengere ingesimama kutoa ushahidi.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya Esar-hadoni na Mungu wa Israeli, na naomba msiiruke. Mfalme wa Ashuru alianza na nguvu: nimekushinda, sasa apa. Mungu alianza kwa kuwatoa watumwa Misri, kisha ndipo akawapa amri. Wokovu ulitangulia, masharti yakafuata. Na masharti mengi yalihusu hasa yule ambaye Misri ilikuwa imemfanya mtumwa: msimwonee mgeni, msimtese mjane na yatima, msizuie mshahara wa kibarua mpaka asubuhi. Mungu aliyewatoa kwa Farao hakutaka wawe Farao wadogo.

Sasa twende kwa Amosi mwenyewe.

Alikuwa mtu wa Tekoa, kusini, katika Yuda. Mchungaji, na mtu wa kutunza mikuyu. Hakuwa padre wala hakusomea unabii. Karibu mwaka 760 kabla ya Kristo Mungu akamtuma kaskazini, ufalme wa Israeli, wakati wa mfalme Yeroboamu wa Pili. Ulikuwa wakati wa neema ya fedha. Mipaka imepanuka, biashara inakwenda, wakubwa wana vitanda vya pembe za ndovu, na pale Betheli ibada zimejaa. Nyimbo, sadaka, zaka, kila kitu kipo.

Ona alivyoanza, maana ni ujanja wa mhubiri. Alianza na majirani. Damasko, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu: huyu kafanya ukatili huu, yule kauza watu, huyu kapasua wanawake wajawazito. Nawaona wasikilizaji wakitikisa vichwa, wakisema ndiyo, wapige hao! Ni sawa na mhubiri aje Kifanya, aanze na dhambi za watu wa mikoa jirani. Tungepiga vigelegele. Akafika Yuda, kwao mwenyewe, bado wanashangilia. Halafu akageuka: na ninyi Israeli. Na shtaka la kwanza dhidi yao halikuwa vita wala sanamu. Lilikuwa kuuza maskini kwa bei ya jozi ya viatu.

Kisha katika sura ya 3 akawaambia jambo ambalo mimi huwa linanitisha kila nikilisoma. Mungu anawaambia kwamba kati ya jamaa zote za dunia amewajua wao tu, na kwa sababu hiyohiyo atawaadhibu. Wao walidhani kuchaguliwa ni bima. Amosi anasema kuchaguliwa ndiko kunakowatangulisha mahakamani. Kijana uliyebatizwa, ukapewa Kipaimara na askofu, unajua rozari tangu mtoto: hapo tunaguswa.

Sura ya 8 inaanza na kikapu cha matunda ya kiangazi. Mungu anamwuliza, unaona nini? Anajibu, matunda ya kiangazi, kwa Kiebrania *qayits*. Na Mungu anajibu kwa neno linalofanana nalo masikioni, *qets*, yaani mwisho. Kwa Kiswahili hatuwezi kuutafsiri mchezo huo wa maneno, ila sisi wa Njombe tunaweza kuutunga wa kwetu. Nabii aonyeshwe gunia, aulizwe unaona nini, ajibu: viazi. Na Mungu aseme: sasa tuongee kuhusu kiasi.

Kwa sababu kinachofuata mara moja ni vipimo. Aya ya 4 mpaka ya 7, ambayo tunaisoma Dominika ya 25 ya Mwaka C. Amosi anawaelezea wafanyabiashara waliokaa kwenye ibada huku wakihesabu saa. Mwezi mwandamo utaisha lini tuuze nafaka? Sabato itapita lini tufungue ghala? Tuipunguze efa, tuiongeze shekeli, tuiharibu mizani, tuuze mpaka makapi. Efa ilikuwa kipimo cha kupimia nafaka. Shekeli ilikuwa jiwe la mizani la takribani gramu 11, la kupimia fedha anayotoa mnunuzi. Ukipunguza efa, anapata nafaka kidogo. Ukiongeza uzito wa jiwe, anatoa fedha nyingi. Anaumia pande zote mbili na kwa macho hawezi kuona. Na tafadhali tuone jambo hili: watu hao hawakuwa watoro wa Sabato. Waliishika! Walikaa mpaka mwisho. Mwili kanisani, kichwa ghalani.

Jamani, hii si ndiyo lumbesa?

Kwa msomaji wa mbali ambaye hajui: huku kwetu viazi mviringo ni maisha. Ada ya shule, mabati, mahari, bima ya afya, vyote vinatoka kwenye kiazi. Kwa Sheria ya Vipimo, Sura 340, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema hilo miaka na miaka. Lakini anakuja mnunuzi na magunia yake. Gunia linajazwa, halafu juu linaongezewa kipande kingine, linashonwa kwa kamba mpaka linakuwa na kichwa kama mtu aliyevaa kilemba. Kilo 120, 130, wakati mwingine zaidi. Bei? Ya gunia moja.

Fanya hesabu na mimi. Mama mjane ametoa magunia kumi ya kilo 130. Amelipwa kumi. Kwa kipimo cha sheria ametoa kilo 1,300, yaani magunia kumi na matatu. Matatu yamekwenda bure. Hakuna aliyemkaba usiku, hakuna panga lililotolewa, na wala hana pa kushtaki kwa sababu kwa mdomo wake "alikubali". Alikubali kwa kuwa viazi vikikaa vinaoza, mbolea alikopa, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya michango. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inaliweka jambo hili chini ya amri ya saba: kudanganya katika biashara, na kutumia ujinga au shida ya mwenzako kupata bei unayotaka wewe. Haya yanaitwa wizi hata kama sheria ya nchi haijakukamata.

Nawaandikia vijana, kwa hiyo nisijifanye simwoni aliyeshika sindano. Tajiri wa viazi yuko mjini. Anayeshona lile gunia ni sisi. Ni kijana wa miaka ishirini na mbili, amekomunika jana. Dalali anayempigia simu mnunuzi na kumwambia "njoo, wa huku hawana shida, wanakubali lumbesa", naye ni wa kwetu, pengine anaimba besi kwaya. Najua atakavyojitetea. Nisipofunga mimi atafunga mwingine. Nitakula nini? Na kweli, kijana huyo naye ananyonywa, analipwa kwa gunia, halafu mgongo unaanza kumuuma kabla ya miaka thelathini. Amosi hakuwaelekezea kidole wapagazi wa Samaria, aliwaelekezea wenye vitanda vya pembe. Hilo tumpe. Lakini shahidi anayeona mizani inachezewa na kunyamaza, kisha akapokea posho yake, siwezi kumwambia hahusiki.

Katika aya ya 7 Mungu anaapa kwamba hatayasahau kamwe matendo yao hata moja. Katika Biblia yote Mungu anaahidi kusahau dhambi za anayetubu. Hapa, kwa kipimo kilichopunguzwa, anaapa kutosahau. Yeroboamu alikuwa na jeshi na fedha, na kuhani Amazia wa Betheli akamfukuza Amosi, akamwambia arudi kwao akale mkate wake huko. Haikufika miaka hamsini. Mwaka 722 kabla ya Kristo Samaria ikaanguka mikononi mwa Ashuru, na watu wakahamishwa. Nchi ambayo ndani yake mkulima ameshaporwa na wakubwa wake haina wa kuitetea. Hukumu ya Mungu mara nyingi inafika kwa njia hiyo: anaacha ulichopanda kiote.

Sasa naona mtu ananyoosha mkono. "Kwa hiyo umekubali kwamba tumelaaniwa? UKIMWI ni adhabu?"

Hapana, na hapa nataka twende polepole, kwa sababu kuna vijana wanaosoma hapa ambao swali hili kwao limebeba sura ya mama.

Takwimu hatuzifichi. Utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 uliuweka mkoa wetu wa kwanza Tanzania kwa maambukizi ya VVU, asilimia 11.4 ya watu wazima. Wa 2022 hadi 2023 ukaonyesha asilimia 12.7, bado wa kwanza, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Sehemu ya idadi hiyo, ni vizuri kusema, ni watu wanaoishi kwa sababu ya ARV, ambao zamani tungekuwa tumewazika. Na sababu tunazijua: vibarua wa msimu kwenye mashamba ya chai na mbao waliotengana na wenza wao, Makambako ambako barabara za Songea, Mbeya na Dar es Salaam zinakutana na malori yanalala, pombe, fedha ya msimu, wanaume wasiotaka kupima. Dhambi imo humo, siwezi kusema haimo. Umo pia umaskini, na imo tabia ya kuajiri watu bila kujali wanalala wapi na nani.

Lakini tazama tunavyohukumu sisi. Nani anaitwa mwenye laana msibani? Ni yatima. "Huyo ukoo wao una mkosi." Msichana anakataliwa uchumba kwa sababu wazazi wake wote wawili walifariki. Kijana aliyezaliwa na VVU, anayekunywa dawa zake bila kukosa, anaambiwa na mhubiri kwamba ana deni la damu la babu yake, na akiwa na imani ya kweli aache vidonge. Wapo walioacha. Tumewazika.

Waisraeli uhamishoni walikuwa na methali yao: baba amekula zabibu mbichi, ganzi ikaingia kwenye meno ya watoto. Walikuwa Babeli, Yerusalemu imevunjwa, na kizazi cha vijana kikaona hakina la kufanya. Dhambi walifanya wazee, sisi tunalipa, basi imekwisha. Nabii Ezekieli alikuwa mmoja wao. Alihamishwa mwaka 597, akaishi kando ya mfereji wa Kebari. Katika sura ya 18 Mungu anamwambia kwamba methali hiyo aifute Israeli. Kisha anaeleza kwa mfano wa vizazi vitatu, kama mtu anayeelewa kabisa maneno ya ukoo: babu mwadilifu, mtoto jambazi, mjukuu aliyeyaona maovu ya baba yake akakataa kuyafuata. Mjukuu huyo hatakufa kwa ajili ya uovu wa baba yake. Ataishi. Torati yenyewe ilikuwa imeshakataza mahakama kumwua mtoto kwa kosa la mzazi, Kumbukumbu la Torati 24:16.

Na ile aya ya Kutoka 20, ya kizazi cha tatu na cha nne? Isome mpaka mwisho, uone idadi ya vizazi vya rehema iliyowekwa upande wa pili. Halafu tofautisha vitu viwili. Kuna matokeo, na kuna hatia. Baba akinywa shamba lote ulanzi, watoto watalala njaa. Hayo ni matokeo, yanavuka kizazi, na mtu asikudanganye kwamba hayaumi. Hatia haivuki. Mtoto aliyezaliwa na VVU amebeba matokeo ya mambo ambayo pengine hata mama yake hakuyachagua. Hatia ya mtu mwingine hana. Yesu aliulizwa swali hilihili mbele ya kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, akakataa majibu yote mawili, Yohane 9. Kwenye Luka 13, mnara wa Siloamu ulipoua watu kumi na wanane, alikataa kusema walikuwa wabaya kuliko wengine. Akawageukia walio hai.

Manabii wanapofungua kesi, yatima na mjane karibu kila mara wako upande wa mlalamikaji. Sisi tumewahamishia kizimbani. Nadhani ni kwa sababu inatugharimu kidogo zaidi. Kusema ukoo fulani una laana ni bure. Kumsomesha mtoto wa ukoo huo ni ada.

Kuhusu watoto wa 2019 nitasema kidogo, kwa heshima ya familia, ambazo nyingine tunasali nazo. Mwanzoni mwa mwaka ule watoto katika mkoa wetu walipotea, wakakutwa wameuawa, baadhi wakiwa wameondolewa viungo. Vyombo vya habari vilitaja watoto wapatao kumi. Serikali iliyahusisha mauaji hayo na ushirikina wa kutafuta utajiri, na baadhi ya waganga wakakamatwa. Soma Yeremia 7 na 19. Yerusalemu nako, katika bonde la Hinomu, watu walitoa watoto wao, na Mungu anasema jambo hilo hakuliagiza wala halikuingia moyoni mwake. Bonde hilohilo, kwa jina la Gehena, ndilo Yesu alilolitumia kuitaja jehanamu. Mahali pa kuua watoto kwa ajili ya mafanikio pamekuwa jina la moto wa milele.

Na watu hao hao walikuwa wakienda hekaluni, wanarudia kwamba hili ni hekalu la Bwana, hatutadhurika. Yeremia aliwajibu waende Shilo wakaone magofu ya nyumba ya Mungu ya zamani. Hekalu lilibomolewa mwaka 587. Kwa hiyo kijana mwenye rozari shingoni na hirizi kiunoni, anayekwenda kwa mganga "kuangalia nyota" kabla ya kununua shamba la miti, ajue anagonga mlango wa nyumba ipi. Si kila mganga anaua, hilo tusimsingizie mtu. Lakini soko la viungo lina wateja kwa sababu kuna watu wengi wanaoamini kwamba utajiri unatoka humo. Malaki 3:5 anaweka kwenye sentensi moja wachawi, wazinzi, waapao uongo, na wale wanaomdhulumu kibarua mshahara wake, mjane na yatima. Sisi tumewatenganisha. Mchawi tunamkimbia, anayekula mshahara wa vibarua tunamkalisha kiti cha mbele kwenye harambee.

Basi tuko chini ya agano gani? Yeremia 31 aliahidi agano jipya, lililoandikwa moyoni. Karamu ya mwisho Yesu alishika kikombe akasema ndilo hilo, kwa damu yake. Paulo anawaambia Wagalatia kwamba Kristo alitukomboa katika laana ya sheria kwa kufanywa laana kwa ajili yetu. Aliyebatizwa hana laana ya ukoo inayosubiri kununuliwa kwa sadaka ya simu. Damu iliyolipa imeshalipa. Ila msidhani agano jipya halina meno. Katika 1 Wakorintho 11 Paulo anasema anayekula mwili na kunywa damu ya Bwana isivyostahili anakula hukumu yake mwenyewe, na ukisoma aya za juu utaona Wakorintho walikuwa wamefanya nini: matajiri walikula wakashiba na kulewa, maskini wakabaki na njaa, halafu wote wakaenda kwenye meza moja ya Bwana. Komunyo Dominika, lumbesa Jumatatu.

Nabii naye hatangazi hukumu ili ajisifu ikitokea. Yeremia 18, nyumbani kwa mfinyanzi: nikisema nitaling'oa taifa, nalo likageuka, nami nitaghairi. Yona alikasirika Ninawi ilipopona. Na Yeremia aliposhtakiwa auawe kwa sababu ya mahubiri yake, wazee walisimama wakakumbusha kwamba Mika alitishia hivyohivyo zamani, mfalme Hezekia akatubu, na mji ukabaki.

Kijana mmoja aliniuliza baada ya kipindi cha vijana: sawa, nimefunga magunia ya lumbesa misimu mitatu, hela nimeshakula, sasa nifanye nini? Namjibu hapa, kwa kuwa najua hayuko peke yake. Nenda kitubio. Usiseme tu "nimekosa katika kazi", taja lumbesa, taja mizani. Padre atakuuliza kuhusu kurudisha, maana Katekisimu namba 2412 inadai malipizi kwa kilichoibwa, na inamtaja Zakayo. Kama ulikuwa kibarua tu wa kushona, sehemu yako si sawa na ya mnunuzi, na padre atakusaidia kuipima. Kama ulikuwa dalali, kaa na daftari lako, andika wakulima unaowakumbuka, kadiria kilo. Huwezi kulipa zote kwa mara moja, anza na yule mjane. Mpelekee mbolea msimu huu, mwambie ni deni. Kama amefariki, wapo wanawe. Kama huwakumbuki kabisa, ipo Karitas ya parokia, na wapo wale bibi wenye wajukuu. Na msimu ukifungua, mizani ya kilo 100 iwepo pale shambani kabla lori halijafika, mkiwa vijana watatu au wanne mliokubaliana, maana mmoja peke yake watamfukuza kama Amazia alivyomfukuza Amosi.